Spika za Mama Nao

Mke wangu Tomoe ana ugonjwa wa spika. Msimwonee huruma yeye, nioneeni mimi, ambaye siwezi kutandika godoro bila kwanza kuhamisha amplifaya.

Alipika katika shule ya msingi hapa Sakai mpaka akastaafu. Jikoni kulikuwa na spika ya matangazo ukutani, siku moja ikafa, fundi akawa wa kesho na keshokutwa, Tomoe akapanda kiti na bisibisi akaifungua. Ikapona. Yeye ndiye ambaye hakupona tena. Wenzake wakistaafu wanajifunza kupanga maua. Wangu anapanda treni kwenda Nipponbashi, mtaa wa vifaa vya umeme, anarudi jioni na mfuko mzito huku anatabasamu peke yake.

"Baba Nao, usiniulize."

"Siulizi."

Nao ni binti yetu. Ameolewa Nagoya, na kazi yake kubwa ni kutucheka kwenye simu.

Siku hizo Tomoe alikuwa na spika za maboksi, mazito kweli, na kila tukishakula mchana aliweka santuri ya jazi. Anachokipenda ni besi, lile gitaa kubwa la kusimama. Za kuvaa masikioni hataki hata kuziona. "Hizo ni za kwenye treni," anasema. "Mimi nataka muziki unigonge hapa." Na anajipiga kifua kwa ngumi.

Tatizo ni kwamba hakuwa anagongwa peke yake. Tunakaa ghorofani, nyumba za kupanga za mji, mwisho kabisa wa jengo. Chini yetu ni stoo ya baiskeli, juu pamekuwa patupu tangu mwaka jana, upande mmoja ni hewa, na upande wa pili ni Mzee Kajitani, mgane, mtu mkimya. Besi ikianza tu, ukutani kwake unasikia: du. Du, du.

"Amekasirika huyo," nasema. "Punguza."

Anapunguza, kugonga kunakoma. Akisahau akaongeza, du, du tena. Siku moja Tomoe alisimama katikati ya chumba, kichwa kimeinama upande, akasema, "Huyu mzee hata hasira zake zina mpigo."

"Acha utani, mwanamke. Punguza!"

Asubuhi nikikutana na mzee pale pa kutupia takataka, nainama, naye anainama kunishinda. Miaka yote hiyo ni kuinamiana tu.

Basi siku moja tukakuta tangazo ngazini: "Baadhi ya wakazi wa ngazi hii wanasumbuliwa na sauti. Tunaomba tufikirie wenzetu." Jina hakuna, namba ya mlango hakuna. Jioni yake Mama Horikoshi, mwenyekiti wa chama cha wakazi, akabisha hodi na pakiti ya biskuti za mchele. Akasifu hali ya hewa. Akasema, "Kuta zetu hizi nyembamba jamani, eh?" Akaaga, akaenda zake.

Nani asiyeelewa? Kwetu mtu akikuomba "ufikirie," ujue maneno yameshaisha. Tomoe alikaa chini na biskuti zake mkononi.

"Ni Kajitani," nikasema. "Amechoka kugonga, ameenda kwa mwenyekiti."

"Kuna mkutano mwisho wa mwezi," akasema. "Wakinitaja pale mbele za watu, Baba Nao, nitakufa kwa aibu. Bora niache kabisa."

"Uache nini?"

"Muziki."

Na akaacha. Nilidhani nitafurahi, nipate kulala mchana kama wastaafu wenzangu. Wapi! Nyumba ikapooza. Tomoe alikuwa anapika huku anaimba puani, sasa anapika kimya, na supu yenyewe ikawa haina ladha. Nilimkumbuka mke wangu naye yupo hapo hapo mezani. Iliniuma, sisemi uongo.

Mwisho akayafungua maboksi, akatoa spika zenyewe, zile koni za karatasi, akayapeleka maboksi kwenye duka la vitu vya mitumba. Zile koni alitaka kuzihifadhi. Lakini kabla hajazifunga kwenye gazeti akasema ngoja azijaribu mara moja, polepole, ajue kama ni nzima. Akaunganisha waya, koni moja ikiwa tupu mezani.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya mbu. Besi yote imekwenda, imebaki kelele nyembamba ya kukwaruza.

"Imekufa," nikasema.

"Haijafa." Akatazama huku na huku, akavuta boksi la machenza lililokuwa mlangoni, akalipasua likawa kipande kipana, akakata tundu kwa kisu cha jikoni, akakiweka kile kipande mbele ya koni.

Jamani! Besi ikarudi. Kwa karatasi ya boksi la machenza! Ikarudi nene, nyepesi, haina ule mvumo wa kwenye boksi, unasikia mpaka kidole cha mpigaji kinavyoteleza kwenye uzi. Tomoe akapiga kelele, akajiziba mdomo kwa kuogopa ukuta.

"Umefanyaje?" nikamuuliza.

"Tazama. Koni ikisukuma hewa mbele, nyuma inavuta. Ikiwa tupu, hewa ya mbele inazunguka inaenda kujaza nyuma, zinauana. Sasa ubao unazizuia zisikutane. Halihitajiki boksi kabisa! Ubao tu, mgongo wazi!"

Mimi kiu ilinishika, nikapita pembeni ya kile kipande kwenda kwenye friji kuchukua chai ya shayiri. Nilipofika usawa wa ukingo wake, muziki ukatoweka.

"Mama Nao, imezimika."

"Mbona mimi nasikia?"

"Haki ya nani imezimika!"

"Sogea mbele." Nikasogea, muziki huo. "Rudi nyuma." Nikarudi, nikapita ukingo, muziki huo tena upande wa pili. Nikasimama ukingoni: karibu hakuna kitu. Akaja kunisukuma, akasimama yeye. Akafumba macho. Akayafumbua.

"Ukingoni ndipo zinapouana," akasema taratibu. "Baba Nao. Ukingo huu tukiuelekeza kule?"

Wote wawili tukageuka tukautazama ukuta wa Mzee Kajitani.

Kuanzia hapo nyumba yangu haikuwa na amani, na nilikuwa na furaha kama mtoto. Tukaenda duka la mbao. Tomoe aligonga kila plaiwudi kwa kifundo cha kidole, sikio karibu, kama anachagua tikiti maji, mpaka muuzaji akaniuliza kwa kunong'ona kama mama ni mzima. Matundu tulikwenda kuyakata kwenye chumba cha ufundi cha ukumbi wa mtaa, ili tusipige kelele nyumbani. Mimi nikachora tundu katikati kabisa ya ubao, pazuri, nimepima mwenyewe.

"Hapana, lisogeze pembeni."

"Litakuwa la kombo!"

"Ndiyo nataka la kombo. Likiwa katikati, sauti ya nyuma inafika ukingoni kila upande kwa wakati mmoja, inaharibu. Wewe endesha teksi zako, Baba Nao."

"Nimestaafu teksi."

"Basi shika ubao."

Nikashika ubao. Msasa, skrubu, miguu ya nyuma ya kusimamishia, vanishi iliyoniumiza kichwa. Tulipozisimamisha sebuleni zilikuwa mbao mbili tu, kila moja na jicho moja la kombo. Tulipompigia Nao simu ya video akauliza tumenunua milango ya nini. Tukaziweka zitazame jikoni, mgongo uelekee roshani, ukingo uelekee kwa Kajitani. Tomoe akashusha sindano kwenye santuri.

Siwezi kusema vizuri. Yule mtu wa besi aliingia chumbani kwetu. Nilikuwa na mwiko wa wali mkononi, nikasahau kuuweka chini. Tomoe alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, anajipiga kifua, "Hapa! Hapa, Baba Nao!" Na ukutani kimya, hakuna du hata moja.

"Labda ametoka," nikasema.

"Lazima tujue," akasema Tomoe. "Kabla ya mkutano."

Nilimwomba asifanye alichofanya. Alikwenda kwa Mama Horikoshi, akamwambia aje yeye mwenyewe, akae kwa Mzee Kajitani, asikilize ukuta. Na mimi, na mdomo wangu huu, nitumwe kwa watu? Lakini yeye alitaka abaki kwenye santuri, kwa hiyo mimi ndiye niliyekwenda na mwenyekiti.

Kwa mara ya kwanza nikaingia kwa Kajitani. Alitupatia mito ya kukalia, akatumiminia chai. Mama Horikoshi akakaa wima kabisa. Tukasubiri, tunausikiliza ukuta. Kimya. Mwenyekiti akakohoa.

"Mwambie mama aanze basi."

Nikampigia simu Tomoe. "Anza."

"Nianze nini? Nimeshaanza zamani! Naisikia mpaka tumboni!"

Nilitaka kuruka, nikakumbuka niko kwa watu. Mama Horikoshi akaomba bilauri, akaiweka ukutani, sikio kwenye bilauri, mwenyekiti mzima na heshima zake. "Nasikia kitu kama... hapana. Hilo ni friji la hapa." Akainuka. "Safi sana! Mwambie mkeo hongera."

Hapo nikamgeukia Mzee Kajitani kumwomba radhi kwa miaka yote ya usumbufu. Nikamkuta ameinamisha kichwa. Mtu aliyeshinda kesi hakai vile.

"Basi haitasikika tena?" akauliza.

"Kabisa, mzee. Kuanzia leo utapumzika."

"Aa," akasema. "Ni vizuri." Na sauti yake haikuwa na vizuri yoyote.

Ndipo nikaona chini ya ukuta, karibu na mto wake. Fimbo mbili nene za kupigia ngoma, kila moja imefungwa taulo la mkono kichwani, taulo zimechakaa. Na juu yake rangi ya ukuta imechubuka.

"Mzee, ulikuwa unagonga kwa hizi?"

Akawa mwekundu mpaka masikioni, akainama paji la uso likagusa mkeka. "Nisameheni sana! Nilizifunga taulo nikidhani hamsikii. Mimi ni wa Kishiwada. Nilikuwa mpiga ngoma ndani ya gari la tamasha, lile la mbao linalovutwa kwa kamba mitaani, kila Septemba, tangu kijana. Nilipohamia huku karibu na mwanangu, ngoma utaiweka wapi kwenye nyumba hizi? Sasa mama akiweka ile besi, mkono unajiendea wenyewe. Lile tangazo lilipobandikwa nikajua ni mimi. Mwenyekiti akaja na biskuti, nikajua kweli ni mimi. Tangu siku hiyo sijagonga."

"Wewe?" nikasema. "Sisi tumejua ni sisi! Mke wangu ameuza maboksi yake!"

Wote wawili tukamgeukia Mama Horikoshi. Alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake.

"Ni mashine ya kufulia," akasema kwa sauti ndogo. "Mtu fulani wa ghorofa ya juu kabisa, anafua alfajiri. Sasa nitamwendeaje mtu peke yake, ajisikie vibaya? Nikapeleka biskuti kila mlango."

"Na yeye ameacha?"

"Hajaacha. Alisema biskuti ni tamu."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kajitani akacheka, amefunika mdomo. Hata mwenyekiti akacheka, ingawa alitamani ardhi immeze. Kisha nikamkaribisha mzee aje kwetu kila mchana asikilize vizuri, aje na fimbo zake. Akatikisa mikono yote miwili. "Hapana, hapana. Nikiwa mbele za watu nitaona haya, mkono utakufa. Mimi nimezoea ukuta."

Nilimsimulia Tomoe yote. Nilidhani atalia kwa ajili ya yale maboksi. Alikaa anazitazama mbao zake, na mimi nikamwacha.

Kesho yake, tulipokwisha kula, akasimama. "Baba Nao, shika upande huo."

"Tunazipeleka wapi? Si ndiyo tumezipanga vizuri?"

"Shika bwana!"

Tukazigeuza moja moja, mpaka macho yote mawili ya kombo yakautazama ukuta wa Kajitani. Sisi tukabaki nyuma, mgongoni mwa spika. Hata huko nyuma unasikia vizuri tu, nilishaonja siku ya boksi la machenza. Tomoe akachagua santuri yenye besi kuliko zote, akashusha sindano, akaja kukaa karibu yangu. Tukangoja. Besi ikaanza, ikatembea, ikarudia mara ya pili. Ukuta kimya. Tomoe akanishika mkono, akaubana mpaka ukauma.

Du.

Tukatazamana. Du, du. Kisha zikaja mfululizo, nzito, safi, zinaingia katikati ya besi kama mtu aliyekuwa na nafasi yake pale siku zote. Tena zilikuwa kali kuliko za zamani, kila pigo na ncha yake.

"Unasikia?" Tomoe akasema. "Ametoa taulo."

Akainuka akaenda kuongeza sauti.