Mpiga Kura Mashuhuri wa Grand Prairie

Onyancha hakuwa na chama, lakini alikuwa na televisheni mbili. Alizitundika ukutani sebuleni kwake, mjini Grand Prairie, Texas, moja kushoto na nyingine kulia. Ya kushoto ilisema nchi inauzwa na Ndovu. Ya kulia ilisema nchi ilishauzwa zamani na Punda. Maana Wamarekani, pamoja na kusoma kwao kote, wamejigawa katika vyama viwili, kimoja alama yake ndovu na kingine punda, na kila uchaguzi wanaulizwa wachague kati ya hao wawili kana kwamba porini hakuna mnyama mwingine. Onyancha aliketi katikati, akazisikiliza zote kwa pamoja, na akishachanganyikiwa vya kutosha aliwasha simu akaenda hewani.

Kipindi chake kiliitwa Jicho la Texas. Kilirushwa mtandaoni kila Jumapili baada ya kanisa, kwa Kiswahili, na wiki ikiwa nzuri watazamaji walifika sitini. Siku nyingine zote Onyancha aliendesha forklift, kigari cha kunyanyulia mizigo, kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege, akipanga mabunda ya karatasi za chooni. Kazi hiyo hakuitaja hewani. Hewani alikuwa mchambuzi.

Watangazaji wa televisheni zile mbili ndio waliokuwa walimu wake. Kwao alijifunza kukunja uso kabla ya kusema jambo lolote, kutangaza kwa mhemko mkubwa habari ya tangu Jumanne kana kwamba imetokea sasa hivi, na kumkaribisha mgeni kwa heshima kisha kumkatiza asimalize hata sentensi moja. Alijifunza pia siri ya ile biashara: mtu hawashi televisheni ili ajue kitu, anaiwasha ili aambiwe kwamba adui yake ni mjinga kuliko alivyodhani jana. Watangazaji wa Kimarekani wanalipwa mamilioni kwa kazi hiyo. Onyancha aliifanya bure, tena kwa bidii kuliko wao.

Mwaka wa kwanza alikuwa upande wa Punda, na watazamaji wakawa thelathini. Siku moja akawatukana Punda kwa hasira ya bei ya mayai, wakafika hamsini. Akahamia kwa Ndovu, akakaa huko hadi wasikilizaji walipochoka, ndipo akagundua kwamba kuwatukana wote wawili ndiko kunakojaza ukumbi. Kuanzia hapo akajiita mtu huru. Siasa alizichambua kwa macho aliyotoka nayo Kisii: kila mgombea alimtafutia kabila, na akikosa kabila alimtafutia shemeji. Mipaka ya majimbo ya uchaguzi ya Texas ilipochorwa upya na wanasiasa ili washinde, majimbo yakawa na mikono na mikia, aliwaambia watazamaji wake kwamba kwao jambo hilo linaitwa kugawana shamba baba angali hai. Hapo, kusema kweli, hakukosea.

"Wapiganapo tembo nyasi huumia," alipenda kusema akikaribia mwisho wa kipindi. "Huku tembo anapigana na punda, lakini nyasi ni sisi vilevile. Kwa hivyo nyasi, pigeni kura! Mimi kama mpiga kura wa Texas, nimetimiza wajibu wangu."

Sasa hapo ndipo palipokuwa na shida. Onyancha hakuwa mpiga kura wa Texas wala wa mahali pengine popote. Hakuwa hata raia. Alikuwa na green card, kadi ya ukaazi, na mwenye kadi hiyo analipa kodi zote lakini kura hapigi. Stika iliyosema "Nimepiga kura", aliyoivaa kifuani siku ya uchaguzi mkuu akirusha kipindi kutoka kwenye maegesho ya maktaba, ilikuwa ya mke wake, Jerioth. Onyancha aliibandua kwenye sare ya unesi ya mkewe, mwenyewe akiwa amelala baada ya zamu.

Uraia aliutafuta. Alikwenda kwenye usaili akiwa na tai mpya na imani kubwa, maana mtihani wenyewe ni maswali kumi tu kuhusu serikali, na majibu yake yamechapishwa, mtoto wa darasa la nne anaweza kuyakariri. Jerioth, ambaye hakuwahi kutazama habari hata dakika tano, aliyakariri akipika, akajibu sita, akapita, akaenda kazini. Onyancha hakukariri. Mtu wa hadhi yake akariri nini?

Afisa, mama mmoja mpole mwenye miwani, alimuuliza nani hutunga sheria za nchi. Jibu ni bunge. Onyancha alijibu kwamba bunge hupiga mhuri tu, sheria hutungwa na matajiri wanaolipia kampeni. Akaulizwa ni nani kiongozi wa serikali. Akasema inategemea televisheni ipi inatazamwa ikulu asubuhi hiyo. Akaulizwa rais ni wa chama gani, akamwinamia yule mama na kumuuliza kwa sauti ya siri, "Kwa karatasi, ama kwa ukweli?" Afisa akasema jibu moja tu linatosha. Onyancha akampa manne. Alipoitwa mara ya pili, baada ya miezi miwili, alikuwa amejiandaa vizuri zaidi: alikuja na takwimu. Akaanguka tena.

Mganga hajigangi. Onyancha alirudi nyumbani akamwambia Jerioth kwamba mfumo unawaogopa watu wanaofikiri. Jerioth alimwekea chakula, akamwomba aache kusema hewani kwamba anapiga kura. Yeye akamjibu kwamba sauti ya wananchi haiwezi kuzimwa na fomu. Miaka miwili ikapita hivyo, na wa tatu ukaanza.

Mtazamaji wake mwaminifu kuliko wote aliitwa Salvator. Alikuwa Mrundi aliyekulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, ambako ndiko alikopata Kiswahili chake, na alipanga mabunda kwenye ghala lilelile la Onyancha. Mtu wa maneno machache, baba wa watoto wanne, mwimbaji wa kwaya ya kanisa lake Katoliki. Jumatatu mchana wakila, alimwomba Onyancha amrudilie yale aliyosema Jumapili, na akayasikiliza upya huku ameshika kijiko bila kula. Alimwita Mwalimu. Onyancha, ambaye nyumbani hakuitwa hivyo na yeyote, alilipenda jina hilo kuliko chakula. Siku walipoajiriwa walisimama pamoja kwenye foleni ya ofisi, wakatoa kadi zao pamoja, na Salvator aliona kwa macho yake kwamba kadi ya Mwalimu ilikuwa sawa na yake. Akafanya hesabu yake kimoyomoyo: Mwalimu ana kadi kama yangu, na Mwalimu anapiga kura.

Mwishoni mwa Septemba, Jumamosi moja ya joto kali, Wakenya na Warundi walikutana kula nyama kwenye bustani kando ya ziwa. Whitney, binti wa Kikenya wa chuo kikuu aliyezaliwa hukuhuku, alikuwa ameidhinishwa na kaunti kuandikisha wapiga kura. Aliweka meza kivulini, fomu na kalamu, na feni ndogo ya betri. Onyancha alipoona meza ile aliona kipindi. Akasimamisha simu juu ya kasha la barafu, akabana kipaza sauti kwenye ukosi wa shati, akaenda hewani.

"Ndugu watazamaji, niko hapa live, tuna-register watu! Muda unaisha! Anayesema atajaza kesho huyo ni adui wa leo. Kuja jaza, usiogope, mimi mwenyewe nilijaza!"

Watazamaji walifika sitini, wakapanda hadi mia mbili na kumi. Alikuwa hajawahi kuona idadi kama hiyo. Akaongeza sauti.

Salvator akatoka kwenye kundi la wanaume waliokuwa kwenye jiko, akafuta mikono kwa suruali, akaja hadi mezani. Mkewe, Léoncie, alikuja nyuma yake na mtoto wa mwisho mgongoni. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, maana Salvator alikuwa amemwambia kwamba leo ni siku kubwa.

"Mwalimu, nimekuja," alisema Salvator. "Umesema tusiogope."

Whitney alimpa fomu na kuanza kumweleza kwa Kiingereza, lakini wamama wawili wakamvuta upande wa pili wa meza wakitaka kujua kama jina la ndoa linaruhusiwa. Salvator akabaki peke yake na kalamu. Aliandika jina lake polepole, herufi kubwa, jinsi alivyofundishwa kambini. Kisha akafika kwenye visanduku, akainamia Onyancha.

"Hapa wanauliza kama mimi ni raia. Naweka ndiyo, si ndiyo? Kadi yetu si ni ile ile?"

Mambo mengi Onyancha hakuyajua sawasawa, lakini hili alilijua, maana wakili alimweleza siku ile alipoanguka mtihani mara ya pili: mtu asiye raia akitia sahihi hapo kwamba ni raia, amevunja sheria, na anaweza kufukuzwa nchini. Anafukuzwa aende wapi, mtu aliyezaliwa akikimbia?

Ungedhani angesema papo hapo. Hakusema. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kutazama simu, na ilisema mia mbili na thelathini na sita. Nalisema hili wazi kwa sababu yeye mwenyewe baadaye alilisema.

"Hiyo kalamu ni mbaya," alisema. "Jaza nyumbani, utulie."

"Inaandika vizuri."

"Kula kwanza, Salvator. Nyama inapoa."

"Mwalimu, si umesema anayejaza kesho ni adui wa leo?" Salvator alicheka kidogo, kwa haya, kama mwanafunzi aliyemnasa mwalimu wake. Akaweka alama kwenye kisanduku cha ndiyo. Léoncie akamsogelea mumewe, akamfuta jasho shingoni kwa ncha ya kitenge ili apige sahihi vizuri.

Onyancha akainyakua fomu. Ikachanika kona, kipande kikabaki chini ya kidole cha Salvator.

"Uncle!" Whitney alipiga kelele. "You can't do that! Hiyo ni form yake!"

"Yeye si raia," Onyancha alisema.

"Sasa si wewe ndio ulikuwa unaambia watu wakuje?"

"Hata mimi si raia." Alikuwa amesahau kipaza sauti kwenye ukosi, au pengine hakusahau. "Sijawahi kupiga kura. Nilifeli interview mara mbili. Salvator, usitie sahihi kitu kama hicho, watakufukuza. Kadi yetu haipigi kura."

Mtu mmoja kwenye jiko akauliza kwa sauti kubwa, "Na ile stika, bwana?"

"Ilikuwa yangu," alijibu Jerioth, akigeuza nyama.

Loo, watu walicheka. Walicheka hadi wengine wakakaa chini kwenye nyasi. Mtu tayari alikuwa amekata kipande hicho cha video na kukisambaza, na kabla ya nyama kuiva kilikuwa kimefika Stafford na Katy kwa Wakenya wa Houston. Wale wa Ndovu waliandika kwamba huyu ndiye ushahidi kuwa wageni wanataka kupiga kura kwa wizi. Wale wa Punda waliandika kwamba huyu ndiye ushahidi kuwa wageni wanatishwa wasipige kura. Hakuna aliyesubiri kusikia mtu alikuwa amesema nini hasa. Watazamaji walifika elfu moja na mia tatu, kilele cha maisha yake yote ya uchambuzi, na Onyancha hakuwa akitazama simu.

Alikuwa akimtazama Salvator. Alitarajia asante, nadhani. Mtu aliyejivua nguo mbele ya ukoo mzima ili kukuokoa, asante si anastahili? Lakini Salvator hakushukuru. Alikikunja kile kipande cha karatasi kilichobaki mkononi, akakitia mfukoni, akageuka kumtazama Léoncie, ambaye hakuwa ameelewa yote lakini alikuwa ameelewa ya kutosha na sasa alikuwa amemtoa mtoto mgongoni na kumkumbatia kifuani.

"Mwalimu," alisema Salvator taratibu, "mwaka jana ulituambia hewani kwamba faili za wakimbizi waliobaki kambini, kama mama yangu, zimefungwa, na kuandika barua za kuomba waletwe huku ni kazi bure. Nikaacha kuandika. Uliambiwa na nani?"

Onyancha alijaribu kukumbuka. Ilikuwa Jumapili moja, televisheni zote mbili zilikuwa zimewaka, zikipiga kelele kuhusu wakimbizi, moja ikisema hivi na nyingine vile, na yeye alihitaji jambo la kufungia kipindi.

"Hakuna aliyeniambia," alisema. "Nilisema tu."