Rufaa ya Bega la Mama

Siku ya hukumu tulikuwa ofisini kwa wakili wetu, River Road, mimi na mama tumebanana mbele ya kompyuta, kwa kuwa siku hizi jaji husoma hukumu kwa mtandao.

Mama alikuwa kibarua wa kufua nguo Lavington, akagongwa na gari akitoka kazini. Bega la kulia likavunjika. Hakimu akampa fidia ya maumivu, na kampuni ya bima ya gari lile ikakata rufaa ikidai imezidi mno. Na unajua walishika nini? Salamu! Mahakamani wakili wao alimwuliza, "Mama, habari yako leo?" Naye akajibu kama anavyojibu kila mtu tangu aokoke, "Mzuri sana, nashukuru Mungu." Ikaandikwa. Basi ikawa ushahidi kwamba haumwi! Nilitamani kumfuata huyo wakili na pasi ninayonyooshea nguo ninazoshona ikiwa moto.

"Tulia wewe," mama aliniambia. "Kwani ningemjibu vibaya, na alinisalimia vizuri?"

Wakili wetu alikuwa ametueleza kwamba jaji wa rufaa habadilishi fidia eti kwa sababu yeye angetoa kidogo. Hulinganisha na kesi za watu walioumia vivyo hivyo, na akiona hakimu hakupita kiasi, huiacha. Lakini akishawishika kwamba mama ni mzima, hela ya kurekebishiwa bega ingetuponyoka.

Jaji akatokea. Alisoma kwa Kiingereza, nami nikamtafsiria mama sikioni. Alipofika kwenye ile salamu nilishika meza.

"Anasema hakuna Mkenya asiyejibu hivyo," nikamnong'oneza, karibu nicheke kwa raha. "Anasema hata mgonjwa kitandani husema ni mzuri!"

"Si nilikuambia?" mama akasema.

Kisha jaji akaanza kusoma aliyoyasema mama alipohojiwa na hakimu mwenyewe. Siku hiyo nilikuwa kwenye cherehani, Uthiru, na sikuwepo.

"Anasema hulalii upande wa kulia," nikaendelea. "Anasema usiku unakaa kitandani mpaka kuche. Anasema huwezi kuinua mkono ufike kichwani, ndiyo maana…"

Nikakwama. Kile kitambaa anachovaa kichwani tangu ajali, sisi nyumbani tulidhani ni mambo ya kanisa. Tunaishi naye vyumba viwili Kabiria, ukuta mmoja tu kati yetu, na hayo nikayasikia kwa mtu asiyetujua.

"Ndiyo maana nini? Tafsiri basi!" mama akanisukuma kwa kiwiko cha kushoto.

"Ndiyo maana hujasuka nywele," nikasema.

Jaji akataja kesi za wengine wenye mabega kama lake, akasema hakimu hakupita kiasi, na rufaa imetupiliwa mbali. Nikaruka! Nilimkumbatia wakili, nikamkumbatia karani wake, nikapiga vigelegele mpaka watu wa duka la chini wakaja kuuliza nani amefiwa na nani ameolewa. Mama alicheka akifuta machozi kwa ncha ya leso.

Tulipotoka nikamwuliza kwa hasira, "Mum, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungefanya nini?" akasema. "Uache kazi uje unishike mkono?"

Jioni nilimkalisha kwenye kigoda, nikachukua kitana na mafuta, nikamfungua kile kitambaa. Nywele zilikuwa zimesokotana vibaya sana. Nilikuwa bado napiga kelele za furaha, nikimwigizia sauti ya jaji, naye akicheka. Nikageuza kichwa chake kidogo nifikie upande wa pili.

"Polepole," mama akasema. "Hapo panauma."