Ukuta wa Ng'ambo

Jirani yangu wa Harrow, huku ughaibuni, Mhindi aliyekuja kutoka Kampala, hushindana kulenga shabaha kwa bunduki ya upepo. Akichagua darubini ya kufunga juu ya bunduki hufuta jicho kwanza, kisha kioo. Jumamosi dukani alijaribu tatu dirishani, moja moja. Kidole gumba kilizungusha gurudumu la ubavuni polepole mpaka picha ikatakata, kikapitiliza, kikarudi, maana picha ikitakata ndipo umbali husomwa kwenye gurudumu. Muuzaji alimwonyesha bango la mkate huko nje, alenge hilo. Yeye akalenga ukuta wa ng'ambo, ulioandikwa kwa rangi nyeupe: Wahindi rudini kwenu.

"Twende zetu, bwana," nilimnong'oneza.

Akasoma namba kwenye gurudumu. "Yadi arobaini," akasema. "Zile mbili zilikuwa zinanifichia, jirani. Hii inaonyesha kila herufi. Nachukua hii."