Kituo cha Maji Kiitwacho Herieth

Kelestini alikuwa mtu wa kuanzia habari katikati. Angeingia ofisini Ifakara, asalimie kila mtu kwa utaratibu, kisha aseme, "Basi yule bwana amekataa," na wenzake wangebaki wakijiuliza ni bwana gani na amekataa nini. Mkewe, Balbina, aliwahi kumpelekea jembe shambani kwa sababu aliagizwa "kile cha juzi", kumbe mwenzake alitaka dawa ya kifua. Hakuwa na majivuno. Aliamini tu kwamba analolijua yeye, dunia nzima inalijua.

Mwaka 1996 alikuwa mtu wa kompyuta katika mradi mdogo uliopima kina cha mito ya bonde la Kilombero, ili wakulima wa mpunga wajue maji yanapanda au yanashuka. Alikuwa ameandika skripti, yaani mfuatano wa amri ambazo kompyuta huzitekeleza yenyewe, iliyokusanya vipimo vya wiki na kuchapa jedwali: jina la kituo, kisha kina kwa sentimita. Pale Ifakara haikuwahi kumwangusha. Wakubwa wakaamua aipeleke ofisi ya Mang'ula. Akapanda treni, disketi mfukoni, amevaa shati la Jumapili.

Alipokewa na Frida, mtunza kompyuta wa ofisi hiyo, ambaye pia alikuwa katibu wa kwaya ya parokia. Kompyuta yake ilikuwa ya zamani zaidi na ya kampuni nyingine. Kelestini akaingiza disketi, akaiendesha skripti, akakunja mikono. Printa ikalia, karatasi ikatoka. Mkuu wa ofisi, Mzee Masalu, akawahi kuichukua, akavaa miwani.

"Hiki kituo cha Herieth kiko mto gani?" akauliza. "Maji yamefika sentimita mia na nne."

Frida akachungulia. Chini ya Herieth palikuwa na Sikitu, tisini na sita, halafu Kandida, mia na kumi na nane. Akajifunika uso kwa kiganja. Hivyo vilikuwa vipimo vya vifua vya waimbaji wake, alivyovihifadhi ili fundi ashone sare za Pasaka.

Alipoelezwa, Mzee Masalu alimrudishia Kelestini karatasi taratibu, akasema mafuriko ya namna hiyo si ya kutangaza.

Kelestini alijitetea kwamba kwake skripti inafanya kazi. Frida akamwomba amwonyeshe inasoma vipimo kutoka wapi. Skripti iliagiza kompyuta iingie mahali palipotajwa na MAJI. Hicho kilikuwa kigeu cha mazingira, yaani neno ambalo kompyuta hulibeba kichwani pamoja na maana yake, na skripti yoyote inaweza kuliuliza. Lakini maana yenyewe Kelestini aliiandika zamani kwenye faili lake la kuanzia kazi, huko Ifakara. Kompyuta ya Mang'ula haikuwahi kuisikia. Ilipoambiwa iingie bila kuambiwa wapi, ilifanya ilivyozoea: ikaenda nyumbani kwa mwenye kuitumia, yaani kwenye mafaili ya Frida, ikakuta vipimo, ikavichapa.

"Kaka Kelestini," Frida alisema, "sasa mimi ningejuaje?"

Balbina alikuwa akimwuliza swali hilo hilo kila wiki naye hajawahi kulisikia. Safari hii alilisikia, pengine kwa kuwa Kandida alikuwa bado mkononi mwake, mia na kumi na nane.

Akaketi kurekebisha. Kwenye faili la Frida la kuanzia kazi aliandika thamani ya MAJI, yaani maana yake, na amri ya kuitangaza kwa skripti zote, kwenye mstari mmoja, kama alivyozoea. Mashine ile kongwe ikakataa. Frida akamshauri aigawe: mstari wa kwanza thamani, wa pili tangazo. Ikakubali. Kisha, juu kabisa ya skripti, Kelestini akaongeza ukaguzi: MAJI ikiwa tupu, simama na useme. Jedwali lililofuata lilikuwa la mito pekee.

Mwaka uliofuata mradi ulifungua ofisi Lupiro. Skripti ilivuka mto kwenye mkoba wa dereva wa pikipiki. Ilipoendeshwa ilisimama, ikasema haijaambiwa MAJI iko wapi. Fundi wa kule akaiambia, ikaendelea, na mambo yakaishia hapo. Kelestini alipopata habari alinuna mpaka jioni. Serafina, wa meza ya jirani, alipomwuliza ana nini, alimwambia kwa ukamilifu, kwa majina na mahali, kwamba hakuna hata mtu mmoja wa Lupiro aliyemwita.