Ukuta wa Kwanza wa Gemu la Sindano

Mpwa wangu tunamwita Sindano kwa sababu ni mwembamba, na akikujibu utatoka damu. Ni fundi cherehani. Akili kazitoa ujombani, hilo msibishane nami. Mimi shule niliacha darasa la sita kwa hiari yangu, baada ya walimu kuniomba.

Chumba anachoshonea na mama yake kina cherehani mbili na meza moja ya kukatia. Juu ya meza hiyo, katikati ya chaki na vipande vya vitambaa, kuna kompyuta kuukuu inayokoroma kuliko mimi. Hiyo ndiyo iliyokuwa chanzo cha ugomvi. Sindano amejifundisha mwenyewe kutengeneza magemu, na mara mbili alishaingia mashindano yale ya kuunda gemu ndani ya siku mbili. Mara zote muda uliisha gemu halijakamilika. Safari ya tatu mama yake, yaani dada yangu, akatoa hukumu:

"Hili nalo lisipochezeka, kompyuta inakwenda uvunguni, na wewe unarudi kushona kola."

Dada yangu akisema, kasema.

Mada waliyopewa washindani ilikuwa kubadilika. Sindano akabuni gemu jepesi: umbo linakimbia, mbele kuna kuta, na kila ukuta una tundu. Tundu likiwa duara, unabonyeza unakuwa duara. Likiwa mraba, unakuwa mraba. Likiwa pembetatu, hivyo hivyo. Ukizubaa, pwaa! Kuta ni sitini, na Jumamosi alizipita zote.

Jumapili akaona maumbo yake hayana mvuto. Akachukua mkasi, akakata maumbo matatu ya karatasi, akakata na kuta zenye matundu, akavipiga picha na kuviingiza kwenye gemu. Likapendeza kweli. Saa kumi jioni akaja mteja na gauni lililombana mbavu, Sindano akaitwa kwenye cherehani.

"Mjomba, nijaribie gemu. Mwisho wa kupokea ni saa kumi na mbili. Likiwa na kasoro, niambie."

"Kasoro yenyewe ikiniona itakimbia," nikamwambia.

Nikabonyeza. Pwaa. Nikabonyeza tena. Pwaa. Kufika mara ya kumi na tano nikavua koti. Duara langu lilikwenda sawasawa kwenye tundu la duara, na bado pwaa! Niligonga ukuta wa kwanza mara arobaini. Sasa, mtu mzima niliyetangaza mtaa mzima kwamba gemu hilo ni mawazo yangu, ningesemaje?

"Umefika wapi, Mjomba?"

"Ukuta wa arobaini! Gemu liko safi."

"Mara ya kwanza tu? Mbona mimi nilihangaika?"

"Wewe una vidole vya kushonea. Hivi vyangu ni vya kazi maalumu."

Sindano akaja mezani, kafurahi mpaka macho yanameta, akaanza kuandaa kulituma. Dada yangu naye akasogea, futi ya kupimia shingoni. "Kama huyu kaka yangu ameweza, basi hata kuku ataweza."

Kidole cha Sindano kikashuka kwenda kubonyeza. Nikaiona ile kompyuta uvunguni, na mtoto wa watu akishona kola hadi uzeeni.

"Ngoja kwanza," nikasema. "Ule ukuta wa kwanza…"

"Una nini?"

"Sijaupita."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Ila hiyo arobaini ipo. Ndiyo mara nilizogonga."

Heri angenichoma kwa maneno kama kawaida yake. Akajaribu mwenyewe: pwaa. Tena: pwaa. Dada yangu akaokota duara la karatasi, akaliweka juu ya tundu lake, akaanza kucheka mpaka akashika meza.

"Wee mwana wee! Umekata duara ukaacha nafasi ya mshono! Na tundu umelibana kama shingo ya blauzi, eti mshono utalipanua. Huu ukuta nani anaushona?"

Sindano akajifunika uso. Miaka minane ya ufundi: mkono ulikata ulivyozoea, wala haukumuuliza mwenyewe.

Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo. Dada yangu akanyakua mkasi, akayapunguza yale maumbo matatu pande zote, krash krash. Sindano akapiga picha, akaingiza. Mimi nikaondolewa kitini bila heshima, akakaa dada.

"Nimepita! Nimepita tena! Jamani, linanikimbiza!"

"Mama, niachie nitume!"

"Subiri, pembetatu hiyo inakuja!"

Likatumwa zimebaki dakika mbili, likapokelewa.

Hakushinda. Lakini watu mia tatu na kitu walilicheza, na mmoja akaandika kwamba mkono umemvimba. Kompyuta haikutoka mezani. Haiwezi kutoka, dada yangu ameikalia tangu asubuhi, yuko ukuta wa hamsini na mbili, na wateja wanaambiwa waje kesho. Kola zote anashona Sindano peke yake. Nami naruhusiwa kucheza, lakini mbele ya shahidi.