Pima Tano za Bibi Maud

Tangu Stanning iwe Stanning, hakuna aliyewahi kupotea katika msitu wa Pigsty. Ni ekari kumi na tisa tu. Ukiingia upande wa kanisa ukatembea bila kusimama, kabla pipi haijaisha mdomoni umeshatokea kwenye zizi la ng'ombe upande wa pili. Na hata ukijitahidi sana kupotea, kengele ya kanisa inapiga kila robo saa kukuambia ulipo. Lakini Mei ya mwaka juzi Wilfred Tuffin, aliyezaliwa hatua mia mbili kutoka msitu huo, alitupoteza humo watu arobaini na mmoja kwa saa tatu nzima, na mimi nilikuwa na kapu la skonsi, mikate midogo ya chai, mkononi.

Sisi watu wa Stanning hatuna desturi ya kumwambia kiongozi kwamba amepotea. Ni utovu wa adabu. Tulipita kisiki kilekile mara nne. Mara ya pili watu walikisifia ukoga wake. Mara ya tatu mtu mmoja alisema, "Visiki ni vingi upande huu, eh?" na wote tukakubali kwamba kweli ni vingi. Mara ya nne mama mmoja alikalia kile kisiki, akafungua sandwichi yake ya tango na kuila kimya, akiwa amekwisha kukubali kwamba hapo ndipo nyumbani.

Mwaka uliofuata, yaani mwaka jana, Wilfred alituma ujumbe kwamba ana mafua, na matembezi hayakufanyika kabisa.

Matembezi yenyewe ni ya Jumapili ya kwanza ya Mei, maua ya buluu yanapofunika ardhi yote chini ya miti na unaona haya hata kukanyaga. Wilfred alikuwa ameyaongoza kwa miaka arobaini na miwili. Unaingia naye kwa lango la kanisa, unaangalia maua, unasikia habari za mti huu na mti ule, halafu mnafika kwa Bibi Maud. Huyo ni mwaloni. Ulikuwa mzee kabla kanisa halijawa na paa, nao umekuwa mnene hadi hauna umbo. Hapo Wilfred anaukumbatia kuuzunguka, pima baada ya pima, yaani upana wa mikono iliyonyooshwa, kisha anatangaza, "Tano!" Watu wanapiga makofi, nami namimina chai. Kijiji cha Compley, ng'ambo ya kilima, wana mwaloni wao wanaodai una pima tano na robo, lakini watu wa Compley hata mvua wanasema ya kwao hulowesha zaidi.

Niseme kidogo juu ya Wilfred, maana ni jirani yangu na ninayo haki. Kazi yake ilikuwa kusuka nyua. Akiwa na mundu na nyundo ya mbao aliikata miti michanga nusu, akailaza, akaisuka pamoja mpaka ng'ombe dume asipenye. Alianza akiwa na miaka kumi na minne na aliacha kwa lazima akiwa na sabini na nane. Ua ulio kati ya nyumba yake na yangu ameusuka yeye, na ni mzuri mno hivi kwamba kwa miaka thelathini na minne sijawahi kuona anachokula. Kofia anayo moja. Mbwa anaye mmoja, jina lake Brigedia, asiyetii amri ya yeyote. Na mke alikuwa naye mmoja, Enid, rafiki yangu, mwanamke mfupi mwenye kicheko cha kufukuza kunguru. Enid alitutoka Novemba, miezi sita kabla ya yale matembezi ya kisiki.

Mwaka huu, mwezi Machi, baraza la kijiji lilikaa. Mwenyekiti ni Clive Pobjoy, aliyehamia hapa kutoka mjini miaka kumi na moja tu iliyopita, kwa hiyo bado ni mgeni. Ni mrefu kama ngazi, na hajambo kwa kazi. Ubaya wake ni kupenda mambo yawe na utaratibu.

"Kwa heshima zote, Wilfred," alisema, "mwaka juzi tulichelewa kidogo."

"Kidogo," Wilfred alikubali.

"Kuna mtu alipiga simu kuaga watoto wake."

"Huyo alikuwa mwigizaji tangu shuleni."

Clive alikohoa. Uamuzi ukawa huu: Wilfred apewe nafasi moja ya mwisho. Clive atafuata nyuma akiwa na ramani, filimbi na kizibao cha manjano. Kengele ya saa kumi ya jioni ikipiga kabla hatujafika kwa Bibi Maud, atapuliza filimbi, na kuanzia siku hiyo matembezi ni yake. Wilfred alivaa kofia yake, akasema, "Haya," akatoka.  

Asubuhi ya pili nilimwita kupitia juu ya ua, nikiwa nimepanda ndoo.

"Wewe mzee, utatufikisha kwa Bibi Maud au hutatufikisha?"

"Mwaka juzi nilipotea, Beryl. Mtu hupotea."

"Mbwa wako hakupotea. Tulipomtafuta tulimkuta amekaa chini ya Bibi Maud, mkavu, anatushangaa. Alikuwa hapo kwa saa tatu nzima."

 Nikasikia mlango unafungwa upande wa pili. Nilishuka kwenye ndoo nikiwa na hasira, na sikuificha. Tangu tumzike Enid, mtu huyu hajaniambia sentensi yenye maneno zaidi ya manne, na mimi pia nilikuwa nimefiwa.

Jumapili ya kwanza ya Mei ikafika na mvua yake ile isiyonyesha wala isiyoacha. Tulikuwa thelathini na tisa, gambuti miguuni. Watu kadhaa walibeba chakula cha siku mbili.

Wilfred alianza vizuri, kisha akaanza kusema. Katika miaka arobaini na miwili sijamsikia akisema vile. Alitusimamisha kwenye vitunguu saumu mwitu akavieleza jani kwa jani. Alitusimamisha dakika ishirini chini ya tundu la kigogota, nasi tukaangalia juu na mvua ikaingia machoni, na kigogota hakuwepo.

"Anaweza kurudi," Wilfred alisema.

"Lini?" aliuliza Clive.

"Aprili."

Clive aliangalia saa yake. Kengele ilipiga saa tisa na robo, ikapiga na nusu. Tulipofika njia panda palikuwa pamebaki dakika kumi hivi. Kushoto ni kwa Bibi Maud, unauona kabisa, unaweza kuutupia kofia. Kulia ni kwenye kisiki. Brigedia akakata kushoto bila kuuliza. Wilfred akasimama, akamwangalia mbwa, kisha akageuka kulia. Na watu thelathini na saba, Mungu awasamehe, wakamfuata. Mmoja alikuwa ameshaanza kufungua sandwichi.

"Wilfred Tuffin!" nilipiga kelele. "Nikirudishwa kwenye kile kisiki leo, nitakuzika chini yake!"

Kila mtu alitazama majani. Kwetu mtu akipaza sauti, wengine wote hupendezwa ghafla na mimea. Nilimfuata mpaka nikamkamata mkono wa koti.

"Hawa watakunyang'anya matembezi yako," nilimwambia taratibu. "Mbele yako ni hatua thelathini. Una nini?"

"Sitaki kumpima."

"Basi usimpime. Mfikie tu."

"Wataniuliza ngapi."

"Sema tano. Umesema tano tangu nina meno yangu."

"Beryl," alisema, na hapo ndipo niliona kwamba mtu huyu anaogopa, anaogopa kweli, "sijawahi kusema uongo juu ya mti."

 Nilimshika mkono kama unavyomvusha mtu barabara, nikamgeuza kushoto, naye hakunikatalia. Tulipoingia chini ya matawi ya Bibi Maud, kengele ilikuwa inapiga saa kumi. Clive alikuwa na filimbi mdomoni tayari. Aliitoa, akaifuta, akairudisha mfukoni, na nitakuwa mwongo nisiposema kwamba alionekana kufurahi.

Wilfred alivua kofia, akampa Brigedia, ambaye aliitema. Akausogelea mti, akabandika shavu kwenye gome lililolowa, akanyoosha mikono yote miwili.

"Moja," alisema.

Tukasubiri. Hakusogea. Tukasubiri tena. Maji yalimtiririka shingoni yakaingia ndani ya kola.

"Umekwama?" Clive aliuliza kwa upole.

"Sijakwama. Nikiachia mkono nitapoteza mahali."

Hapo nikakumbuka, na nikajiona mjinga wa kupindukia, maana nililiona jambo hilo kwa macho yangu kila Mei huku nikihesabu vikombe. Wilfred hakuwa akipima peke yake. Wilfred alikuwa anakumbatia kwanza, Enid anagusa kidole chake kwenye kidole cha mumewe, ananyoosha mikono yake mifupi, "Mbili!" Wilfred anazunguka, anagusa kidole cha Enid upande wa pili, "Tatu!" na hivyo hivyo mpaka pale alipoanzia. Pima tatu za Wilfred, pima mbili za Enid. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mwanamume huyu alikuwa amezunguka kisiki kwa saa tatu ili asisimame hapa na kidole kimoja. Kuomba msaada hakungempitia akilini. Wanaume wa Stanning wakiungua moto huanza na samahani.

Clive alielewa nusu, na kwa Clive hiyo si haba. Alivua mkoba, akaja na kizibao chake kinachong'aa, akagusa kidole cha Wilfred, akanyoosha ile mikono yake ya ngazi. Nadhani hata mama yake hajawahi kumkumbatia hivyo. Alikaribia kutokea upande wa pili.

"Toka, bwana," Wilfred alisema ndani ya gome. "Asante, lakini toka. Kwa mikono hiyo Bibi Maud atabaki na pima nne na kitu, na Compley watasikia kabla ya chakula cha jioni."

Clive alitoka, ukoga puani. Alifikiri. Halafu uso wake ukang'aa kuliko kizibao.

"Chaki!" alisema. "Unaweka alama ya chaki mkono ulipoishia, halafu unazunguka mwenyewe. Huhitaji mtu wa pili kabisa! Miaka arobaini na miwili, hamkuwahi kufikiria chaki?"

"Ipo," alisema Wilfred. "Mfuko wa koti. Wa kushoto."

Clive aliingiza mkono mfukoni mwa lile koti lililolowa, akatoa kikaratasi kilichokunjwa. Ndani yake palikuwa na chaki moja nyeupe, nzima, pembe zake kali kama ilivyotoka dukani. Kikaratasi kilikuwa kimegeuka rangi ya chai.

"Haijatumika," Clive alisema.

"Enid aliinunua mwaka wa kwanza," Wilfred alisema. "Tukaona, ya nini?"

 Nililia, sikujificha, na yule mama wa sandwichi ya tango alinipa leso. Kisha nikaweka kapu chini ya mti. Mimi si mtu wa kukumbatia miti. Nimeishi miaka sitini na tisa bila kuukumbatia hata mmoja na sikuwa nimepungukiwa na kitu. Lakini nina kimo cha Enid, tulikuwa tunaazimana magauni, na mikono yangu ni mifupi kama yake. Nilisogea, nikabandika uso kwenye lile gome baridi, nikatafuta kidole cha Wilfred kwa kupapasa. Kilikuwa cha baridi.

"Vya Enid vilikuwa vya moto," alisema kutoka upande wake.

"Vyangu vina siagi," nilisema. "Vumilia. Mbili!"

Akazunguka. Nilisikia gambuti zake zinafyonza matope nyuma yangu, kisha kidole chake kikagusa changu upande wa pili. "Tatu." Nikazunguka mimi, nikikanyaga mbwa. "Nne." Akazunguka tena, na kidole chake kikapita mizizi, kikapita kovu la radi kwenye gome, kikakaribia alipoanzia, lakini hakikufika. Palibaki upana wa kiganja.

"Tano na kiganja," Wilfred alitangaza. "Amenenepa."

"Au ninyi mmesinyaa," alisema Clive, ambaye hajui wakati wa kunyamaza. Tayari alikuwa ametoa futi kamba ya chuma kwenye mkoba wake. "Kwa sababu tunaweza kuhakikisha sasa hivi, kwa sentimita kabisa."

Watu thelathini na saba walimtazama. Safari hii hakuna aliyeangalia mimea. Clive aliangalia futi kamba, akaangalia mti, akaangalia ile chaki ambayo bado ilikuwa kwenye kiganja chake, ikianza kulowa. Taratibu akairudisha futi kamba mkobani.

"Tano na kiganja," alisema. "Nitaandika hivyo."

Nilikwenda kumimina chai. Wilfred aliinama akaokota kofia yake iliyotafunwa, akaivaa. Kisha akamfungulia Clive mfuko wa koti.

"Ifunge chaki kwenye karatasi yake kwanza," alimwambia. "Irudishe humo humo. Kushoto."