Kiziwi Niliyemwita kwa Kipaza Sauti

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka mpaka leo uso unaniwaka kwa aibu. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, mwingi wa maneno, usinione hivi. Ilikuwa miaka ile wakimbizi wanavuka ziwa, wanateremka ufukweni na watoto na magodoro, na sisi wa Ujiji tulikuwa na klabu yetu ya kujitolea. Wauza dagaa, walimu, mafundi cherehani, wa msikitini na wa kanisani, wote tumo. Kazi yetu ilikuwa kuwasaidia wasioona na wasiosikia, wawe wenyeji au wageni.

Mwenyekiti alikuwa Bi Mwajuma, nesi mstaafu. Loh, mama yule! Umbo dogo, lakini ukimwona anakuja unajikagua kwanza.

Basi akaja daktari wa macho, kwa siku mbili tu, kutoa mtoto wa jicho kwenye zahanati moja ya mjini. Mimi nikapewa kuita majina kwa kipaza sauti. Nikajiona nimefika! Utaratibu tuliuweka wenyewe: jina linaitwa mara tatu, asiyeitika anakatwa, anaingia mwingine. Nikafika kwa Ndayizeye, mkimbizi kutoka Burundi. Nikaita mara tatu, kimya. Nikamkata kwa kalamu nyekundu, tena kwa mbwembwe.

Alasiri mabenchi yamebaki matupu, nikamwona mzee mmoja bado amekaa, kofia mapajani. Nikamuuliza jina. Akanisogezea uso karibu kabisa, akanikazia macho mdomoni, akatabasamu, akanipa cheti chake. Ndayizeye. Na kwenye orodha yangu, mbele ya jina lake, palikuwa pameandikwa kiziwi. Sikuwa nimesoma.

Hapo, mwanangu, ningesema nimekosa, mambo yangeisha. Daktari alikuwa bado yumo ndani. Lakini nilimwogopa Bi Mwajuma. Nikampungia yule mzee mkono mbele ya uso wake: nenda, nenda, kumekwisha. Akainuka, akaondoka akipapasa ukuta.

Haikupita muda Bi Mwajuma akaja kukagua orodha, kidole kikasimama kwenye ule wino mwekundu.

"Huyu mbona amekatwa?"

"Hakuitika, mama."

"Ulimwitaje?"

"Kwa kipaza sauti."

Akanitazama mpaka nikatamani ardhi inimeze. "Kiziwi umemwita kwa kipaza sauti? Haya, na kipofu utampungia mkono?" Kisha akashusha sauti, na hapo ndipo niliposikia vibaya zaidi. "Yule anasikia kwa macho. Mkewe humsemesha kwa mikono. Macho yakipofuka, hatamsikia tena mtu yeyote duniani. Daktari anaondoka kesho mchana. Umemfukuza wewe, utamleta wewe."

Nikatoka mbio kwenda kituo cha kupokelea wakimbizi, pembeni ya mji. Mahema safu kwa safu, na mimi na sauti yangu yote, nitamwita nani? Nikaingia hema moja baada ya jingine, nauliza. Jua linashuka, nikawakuta. Mkewe alikuwa anamsemesha kwa vidole karibu kabisa na pua yake, maana mbali zaidi ya hapo alikuwa haoni tena.

Nikamwamkia yule mama, nikaeleza kwamba daktari bado yupo, waje kesho asubuhi. Akamfikishia mumewe. Mzee akatikisa kichwa, akajibu kwa mikono, kwa ukali.

"Haji," mkewe akaniambia. "Anasema ulimfukuza."

"Mama, sikumwambia neno lolote!"

"Ulimpungia mkono, binti. Mkono ndiyo lugha yake. Ulichomwambia alikisikia vizuri sana."

Nililia, sikufichi. Lakini nikajiambia, hapa sitoki. Nikamwomba yule mama anifundishe kuomba radhi kwa mikono. Nikapiga magoti, nikaweka mikono karibu na uso wa mzee, nikakosea. Nikarudia, nikakosea tena. Mara ya tatu akanishika vidole, akavinyoosha yeye mwenyewe jinsi vilivyotakiwa kukaa, kisha akaitikia kwa kichwa.

Kesho yake alfajiri niliwafuata. Mzee akawa wa kwanza kuingia kwa daktari, na kipaza sauti kikabaki kabatini. Kila mgonjwa tulimwendea alipokaa, tukamgusa bega.

Siku bandeji ilipotolewa, mkewe alisimama mbali, hatua kama tano, akaanza kusema kwa mikono. Mzee akamjibu kabla hajamaliza. Wakagombana palepale, sijui kuhusu nini, mikono inaruka, mama wa watu analia huku anacheka.

Sasa nawe umejiunga na klabu, mwanangu, na fulana umeshavaa. Vizuri. Lakini kabla hujamsaidia mtu, jua kwanza anafikiwaje. Utaratibu unaomwacha mtu nje uvunje, hata kama uliutunga mwenyewe. Na ukikosea, sema palepale angali mbele yako. Mimi nilinyamaza kwa kuogopa kugombezwa, na mtu nusura apoteze sauti ya mkewe maisha yake yote. Nilibahatika kumpata. Wewe usitegemee bahati.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri kosa, na miguu isiyochoka kumfuata uliyemkosea. Haya, nenda, watu wanakusubiri.